Z Inabamba na Inauma

Muvi mob zinaanzanga na yale maandishi ya kujitoa: watu ni wa kubuni, mambo ni ya kubuni, ukiona msee anafanana na mtu unamjua basi hiyo ni bahati tu. Z, ile ya Costa-Gavras ya 1969, inageuza hiyo stori yote. Mapema kabisa skrini inakuambia peupe: ka kuna mtu humu ndani anafanana na mtu wa ukweli, awe hai ama ashadedi, tumefanya makusudi. Hujaona damu bado, hujaskia mtu akipiga nduru, lakini ushajua umekalia kitu moto.

Alafu, badala ya kukurushia risasi, inakupeleka kwa semina ya ukulima. Msee wa wizara amesimama mbele anaelezea vile ukungu unakulanga mizabibu na vile unapuliziwa dawa. Kwa viti wamejaa wadosi wa polisi na jeshi, medali kifuani. Ukianza tu kuboeka, jenerali anasimama kubonga. Anasema kuna ukungu mwingine, wa akili, na huo pia unafaa kupuliziwa mapema, kuanzia kwa watoto wa shule hadi kwa vijana wa jeshi. Hapigi kelele. Anabonga kwa sauti ya ofisi, na wewe kwa kiti yako unaskia baridi juu umeshika rada: hawa watu wanapanga kufanyia binadamu kenye wamekuwa wakipanga kufanyia majani.

Hiyo sini ndio inanifanya nipende hii muvi hivi. Ukibonga na watu juu ya muvi za siasa, wengi wanachukulianga burudani ni asali ya kumezea dawa chungu. Ati mwongozaji anakupea gari zikikimbizana ndio ukubali kukaa, alafu akishakushika anakutolea hotuba. Muvi za hivyo ziko mob na zinachosha, juu unaskia kabisa penye asali imeishia. Z haiendi hivyo. Kwa Z, kitu inakubamba ndio kitu inakuambia. Ukitoa presha, umetoa na ujumbe.

Stori ya ukweli ni hii. Grigoris Lambrakis alikuwa daktari na mwalimu wa udaktari Athens, Ugiriki. Kabla ya hapo alikuwa mwanariadha wa kuruka, bingwa wa nchi za Balkan, msee wa mwili na akili. Mwaka wa 1961 akaingia bunge na mrengo wa kushoto, akakuwa anazusha juu ya amani na silaha za nyuklia. Aprili 21, 1963, serikali ikapiga marufuku maandamano ya amani kutoka Marathon hadi Athens, makarao wakashika wasee kibao. Yeye alikuwa mbunge, sheria ilikuwa inamkinga, so akatembea peke yake na bango yake mkononi. Iko picha yake akitembea hivyo, na ukiiona hutaisahau haraka.

Mwezi uliofuata, Mei 22, alikuwa Thessaloniki kuhutubia mkutano. Nje kulikuwa na kikundi cha watu wamekuja kuzusha, na makarao wamejaa wakiangalia. Venye alitoka, gari ndogo ya magurudumu matatu ya kubeba mizigo, tuktuk tu vile tungeiita sisi, ikaja mbio, na msee mwenye alikuwa amejificha nyuma akamtwanga kichwani. Akafariki Mei 27. Dereva na huyo msee wangehepa kabisa, lakini kuna jamaa mmoja alidandia ile gari ikiwa kwa mwendo na akapigana nao humo nyuma. Anaitwa Manolis Hatziapostolou, na watu wakampa jina Tigris. Bila yeye, stori ingeisha usiku huo huo ikiwa imeandikwa ajali.

Mazishi yake Athens yalijaza barabara, na herufi Z ikaanza kuchorwa kwa kuta, kumaanisha bado anaishi. Kijana mmoja wa mahakama, Christos Sartzetakis, akapewa kazi ya kuchunguza. Alifuata kamba mpaka ikamfikisha kwa wadosi wa polisi wenyewe. Alafu Aprili 21, 1967, miaka minne kamili baada ya ile matembezi ya msee mmoja, wanajeshi wakapindua serikali.

Vassilis Vassilikos aliandika hiyo kesi kama riwaya, na riwaya ndio Costa-Gavras alishika. Huyu mwongozaji mwenyewe ni mtoto wa hiyo stori. Alizaliwa Ugiriki 1933, mzae wake alikuwa amepigana na Wanazi akiwa na watu wa kushoto, na baada ya vita hiyo ikageuka kuwa kosa. Mtoto akafungiwa milango ya chuo kwao, akatoka akaenda Paris kusoma. Muvi yake ya kwanza kubwa, ya 1965, ilikuwa ya mauaji ndani ya treni, polisi wakitafuta ni nani ameua. Yaani kabla ashike siasa, alikuwa ashajua kazi ya kukukalisha kwa ncha ya kiti. Ka angeanza na hotuba alafu ajifunze presha baadaye, sidhani tungekuwa na Z.

Kutengeneza Z ilikuwa ngori. Ugiriki haingewezekana, makanali wenye walipindua serikali walikuwa bado wameketi. Kupata doo Ufaransa ikakuwa kazi. Jacques Perrin, mwenye anaigiza kama mwandishi wa habari na kamera yake, ndio aligeuka kuwa prodyusa na wakaishia Algeria. Hapo mimi husimama kidogo kila nikifikiria hiyo kitu. Algeria ilikuwa imepata uhuru 1962, damu haijakauka, na inakubali barabara za Algiers ziigize mji wa Ugiriki ndio stori ya mtu aliyeuliwa na serikali yake itoke. Mikis Theodorakis, mwenye ngoma yake inaskika humo, alikuwa amefungiwa kijijini na makanali, so wakatumia ngoma zake zenye zilikuwa tayari, kwa ruhusa yake. Muvi haitaji jina ya nchi hata mara moja. Lakini ukiskia hizo nyuzi tu, unajua uko wapi.

Sasa tubonge kuhusu ile sini ya tuktuk, juu hapo ndio Costa-Gavras anakushika na mikono zote mbili.

Yves Montand ndio anaigiza mbunge. Hakai kwa muvi muda mrefu, na hawampi hotuba ya kulia. Anatoka kwa mkutano, mbele yake kuna uwanja. Makarao wamepanga mstari. Upande ule mwingine kuna kikundi kinapiga kelele. Kamera ya Raoul Coutard inakupitisha hapo polepole: mstari uko hapa, nafasi wazi iko hapa, barabara za kuingilia zimefungwa na hawa hapa. Wewe unacheki juu unaogopea msee. Roho inadunda, macho yako yanatafuta hatari itatokea wapi. Alafu ile gari inaingia kutoka penye gari haingefaa kuweza kuingia, kirungu kinashuka, Montand anasimama kidogo kama mtu amesahau kitu, anaanguka. Jamaa mmoja anadandia gari. Kupigana kule nyuma ni eksheni ya kukaza meno, hakuna madoido, ni watu wawili wanatetemeka wakijaribu kutoanguka.

Ile dakika yote ulikuwa unafikiria unaenjoi tu muvi. Baadaye wadosi wanakuja kwa skrini na uso kavu wanasema ilikuwa ajali, dereva alikuwa amelewa. Na unashtuka, juu wewe ulikuwa hapo. Uliona mstari. Uliona ile nafasi wazi. Ile presha ilikufanya uangalie kila kona ya uwanja kwa makini yenye hotuba yoyote haingekupea, na sai hiyo makini imegeuka kuwa ushahidi. Muvi imekufanya shahidi bila kukuomba. Kutoka hapo, kila uongo wenye unasemwa humo ndani unakuguza wewe binafsi.

Mhariri, Françoise Bonnot, anarudi kwa lile pigo tena na tena. Kila shahidi akibonga, unaliona upya, kutoka pembe ingine, nusu sekunde, alafu limeenda. Si kwa ajili ya damu. Ni vile mtu ameona kitu mbaya anavyokumbuka: vipande, na kila kipande kinaleta kitu hukuwa umeona. Hiyo kazi ilimpa Oscar ya uhariri. Muvi yenyewe ikachukua Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni, kwa jina la Algeria, nchi ya kwanza ya Afrika kubeba hiyo, na ikawa pia kwa orodha ya kuwania filamu bora kabisa ya mwaka pamoja na zile za Hollywood. Muvi ya Kifaransa, stori ya Kigiriki, bendera ya Kiafrika.

Nusu ya pili mbunge ameenda, na kwa muvi ingine hapo ungetoka ukanunue mandazi. Lakini anaingia Jean-Louis Trintignant, hakimu mchunguzi, miwani ya giza kiasi, suti safi, sura haisemi kitu. Cannes 1969 walimpa tuzo ya mwigizaji bora kwa hii kazi, na hakuna mahali anapandisha sauti ya maana. Huyu msee si mwanaharakati. Ametoka kwa familia ya watu wa sheria na utaratibu, na ukimwangalia mwanzo unaona kabisa angependa iwe ajali, arudi kejani. Lakini anauliza. Jina. Jina ya mzae. Kazi. Ulikuwa wapi. Karani anachapa. Tak tak tak.

Wale wagondi wa kukodiwa wakiletwa, wanaulizwa hivyo. Mashahidi wakija, hivyo. Kuna mahali mashahidi tofauti wanaleta maneno yale yale, kwamba yule jamaa aliwarukia mwepesi na mkali kama simbamarara. Ukiskia mara ya kwanza unacheka. Ikirudi tena unaacha kucheka, juu umeelewa kuna mtu amewafundisha mistari. Hakimu ameelewa wakati ule ule umeelewa wewe. Costa-Gavras hakuandikii chini ya skrini ati ushahidi umepikwa. Anakuachia raha ya kushtukia mwenyewe, na mtu mwenye ameshtukia uongo mwenyewe ni ngumu kumdanganya tena kesho.

Kuna pia Nick, fundi wa majeneza. Aliskia kitu, akaamua ataenda kusema. Njiani anatwangwa kichwani. Anaamka hospitali na wakubwa wanamjia kitandani wakimshawishi ati alianguka tu. Msee amefungwa kichwa, anawaangalia, anawaambia hapana, nilipigwa. Wanarudia. Anarudia. Hiyo sini inachekesha sana, na uzito wa muvi yote umekaa hapo: mtu wa kawaida, hana chama, hana cheo, amedinda kukubali ati kichwa yake mwenyewe inadanganya.

Alafu kinakuja kile kipande nikikicheki na mabeste lazima keja ilipuke. Wadosi wa polisi na jenerali wanaitwa mmoja mmoja. Wanaingia na medali zao zinalia kifuani, wanaanza kutisha, wanataja huduma zao kwa nchi. Na yule hakimu anawauliza tu: jina, jina ya mzae, kazi. Karani anachapa. Tak tak tak. Anawasomea mashtaka. Wakitoka wanaenda kwa mlango usiofunguka, wanahangaika na kitasa, waandishi wa habari wanawangoja nje. Mmoja anamuuliza jenerali ka naye ameonewa kama Dreyfus, yule ofisa Myahudi wa Ufaransa mwenye alifungwa bure. Jenerali anajibu ati Dreyfus alikuwa na makosa. Kwa sentensi fupi hivyo, akiwa na hasira ya kutoka, amekufungulia roho yake yote.

Kicheko hapo kina kazi. Utawala wa kutisha unasimama kwa vile watu wanaogopa sare. Ukiweka hiyo sare mbele ya swali lile lile lenye mgondi wa mtaa aliulizwa, alafu watu kwa ukumbi wacheke pamoja, kitu imevunjika. Hakuna mhusika amesema sheria ni sawa kwa wote. Mashine ya kuchapa ndio imesema.

Lakini sitaki kuisifu kama haina doa. Vago, mmoja wa wale wauaji, ni msee anapenda wanaume, na muvi inatumia hiyo kumfanya aonekane mchafu zaidi, kana kwamba kuua hakutoshi. Hapo burudani imechukua njia ya mkato na imekanyaga watu wasiokuwa na hatia kwa hiyo stori. Irene Papas naye, mke wa mbunge, ana uso wenye unaweza beba muvi peke yake, lakini hawampi maneno. Analia vizuri, anaangalia bahari vizuri, na sijui anafikiria nini juu ya siasa yenye imemuua bwanake. Muvi yenye inaheshimu fundi wa majeneza hivyo ingeweza kumheshimu huyu mama zaidi.

Kuna wakosoaji wa kushoto kule Ufaransa, wakiwemo wa jarida la Cahiers du cinéma, wenye hawakuipenda. Walisema ukichukua mtindo wa Hollywood umechukua na ubongo wake: unapata wabaya wenye sura mbaya, shujaa mmoja msafi, mtazamaji anatoa hasira yake kwa kiti alafu anaenda nyumbani amejiskia poa. Siasa ya ukweli, nani anamiliki nini, nani ametoka nje kuja kulinda nini, inapotea kwa mbio za gari. Hiyo hoja naiheshimu. Ni kweli ukitoka kwa Z hujui mengi juu ya uchumi wa Ugiriki. Ni kweli pia kuna muvi mob zilikuja baadaye zikaiga mbio zikaacha moyo.

Lakini hao wakosoaji, kwa maoni yangu, hawakupatia mwisho uzito wake.

Ushawaona wadosi wameshtakiwa. Ushacheka. Mwili wako unangoja ile raha ya mwisho, muvi zote zimekufundisha inakuja. Alafu yule mwandishi wa habari anatokea anasoma taarifa: mashahidi mmoja baada ya mwingine wamededi kwa ajali na magonjwa ya ghafla, wauaji wamepata miaka chache, wadosi wameponyoka, hakimu ametolewa kwa kesi. Ata huyo mwenye anasoma hamalizi, inakuja sauti ingine kusema naye amefungwa. Na jeshi limechukua nchi. Kinachofuata ni orodha ya vitu vimepigwa marufuku, inapita kwa skrini: nywele ndefu, sketi fupi, Sophocles, Tolstoy, Beatles, migomo, hesabu za kisasa, na hiyo herufi Z yenyewe. Muvi ilikuwa imekupea raha kwa masaa mawili, na inaichukua yote kwa dakika chache, kwa sauti ya kusoma habari.

Hakuna mtu anaenda nyumbani amejiskia poa hapo. Ka haungekuwa umeenjoi, haungekuwa na kitu ya kunyang'anywa. Wale wakosoaji walitaka muvi yenye haikupi raha kabisa ndio ufikirie. Costa-Gavras alijua kitu kali zaidi ni kukupa, alafu akufanye uulize nani amechukua.

Kuna njia ingine, na iko kwa muvi yenye ilitengenezwa miaka mitatu kabla, kwa barabara za mji ule ule. Vita vya Algiers ya Gillo Pontecorvo, 1966, haikupi shujaa wa kukimbilia. Saadi Yacef, mwenye alikuwa kiongozi wa wapiganaji wa ukweli, anaigiza humo mtu kama yeye mwenyewe. Kuna sini ya wanawake watatu wanabeba mabomu kupita vizuizi vya wanajeshi, na unatamani wapite. Wakishapita, kamera inakaa kwa nyuso za watu kwa kilabu, kijana anacheza, mtoto anakula barafu tamu, na wewe ndio ulitaka mabomu yafike. Presha ni ile ile ya eksheni, lakini inakugeukia. Hiyo ni muvi nzito kuliko Z, na sitambishia mtu akisema ni bora. Ukiniuliza ya kuanza nayo kwa mbogi yenye haijazoea kusoma maandishi ya chini, bado nitakupea Z.

Na mbogi ya hapa Kenya itaishika haraka, juu ya mwaka ule. Z ilitoka Ufaransa mapema 1969. Julai 5 mwaka huo huo, Jumamosi mchana, Tom Mboya alipigwa risasi akitoka duka la dawa kwa Government Road, yenye leo ni Moi Avenue. Alikuwa waziri, miaka 38. Msee mmoja akashikwa, akahukumiwa kunyongwa, na swali la nani alimtuma liko mtaani mpaka leo. Kabla yake mwanasiasa Pio Gama Pinto aliuliwa, Februari 1965, kwa geti yake mwenyewe. Baadaye JM Kariuki, Machi 1975. Baadaye Robert Ouko, 1990. Mtoto wa Nairobi amelelewa na hizo majina zikitajwa kwa sauti ya chini, saa zingine mkono wenye uliua ulipatikana, lakini kichwa yenye ilipanga haikupatikana. Z ni muvi juu ya hiyo nafasi kati ya mkono na kichwa. Hakuna haja ya kuelezewa.

Na ile kazi ya kuwa shahidi, sisi tushaifanya na simu. Juni 25, 2024, vijana wakiwa wamejaa kati ya mji kupinga Mswada wa Fedha, wengine wakaingia bunge, na watu wakauliwa kwa risasi nje. Kilichofuata ni wasee kukaa na video wakizirudisha polepole: huyu amesimama wapi, hiyo sare ni ya nani, moshi imetokea upande gani. Aprili 2025 BBC Africa Eye wakatoa Blood Parliament, wamechambua picha na video zaidi ya 5,000 kutafuta nani alifyatua. Nilipoiona nilikumbuka uwanja wa Costa-Gavras: mstari uko hapa, nafasi wazi iko hapa.

Kwa upande wa muvi za kubuni, tuna mfano wetu. Nairobi Half Life ya 2012, mwongozaji Tosh Gitonga, inabonga Sheng kwa wingi. Mwas anatoka ocha na ndoto ya kuigiza, anaibiwa siku ya kwanza, anatupwa seli, anaambiwa aoshe choo. Hakuna mtu anatoa hotuba juu ya polisi. Unamfuata tu huyo kijana juu unampenda, unacheka naye, na ukifika penye makarao na genge wanajuana ushajifunza vile mji unaendeshwa bila mtu kukushikia ubao. Watu wa mtaa waliicheki na kuirudia juu ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu juu ilikuwa kweli.

Hapo ndio naonanga wasanii wetu wachanga wakiteleza wakishika doo ya mradi. Mfadhili anataka ujumbe, so wanaandika ujumbe, alafu wanatafuta wahusika wa kuubeba. Mhusika anasimama katikati ya sini anamaliza kueleza katiba. Mtaa unazima. DJ Afro amefundisha hii nchi kitu muhimu kwa miaka yote amekuwa akitafsiri muvi za nje kwa Kiswahili na Sheng ndani ya vibanda: watu wanaweza kufuata stori ya lugha yoyote, ya nchi yoyote, bora wajue nani anataka nini na nani anamzuia. Z ina hiyo. Fundi wa majeneza anataka kusema alichoskia. Jenerali anataka anyamaze. Ukishaweka hivyo, siasa yote iko ndani.

Mimi natamani msee wa hapa achukue ile Jumamosi ya Mboya ya 1969. Asianze na sauti ya msimulizi ikieleza Uhuru ulivyopatikana. Aanze ndani ya duka la dawa, mchana, mteja anabonga na mwenye duka wanajuana, nje kuna gari yake na watu wanapita na shughuli zao. Kamera itupitishe kwa hiyo barabara polepole, tujue nani amesimama wapi. Alafu iliyobaki iwe ni karani, mashine ya kuchapa, na mtu mmoja ana miwani anauliza jina, jina ya mzae, kazi, ulikuwa wapi, na kila akiuliza, mtu anaingia na cheo kubwa kuliko wa kwanza. Acheni tucheke penye panachekesha. Acheni tuogope. Wenye wanaweza kuiandika wako hapa Nairobi, na wengine wao walikuwa barabarani ile Juni, simu juu, wakirekodi.